Bakuli la vipande 73: linashikana vipi?

Mwaka fulani, kwenye viwanja vya Nanenane vya Nzuguni, Dodoma, nilikaa kwenye meza ya rafiki yangu fundi ili nimshikie biashara akienda kula. Mezani palikuwa na bakuli moja la mbao lenye mdomo wa sentimita 30. Chini lilikuwa la kahawia ya mninga, na katikati limezungukwa na mkanda wa ngazi nyeusi na nyeupe, kama ua la mkeka. Kila aliyepita aligusa, na kila aliyegusa alitoa hukumu. Kijana mmoja alisema limechorwa kwa rangi. Mwenzake akamkatalia: hiyo ni kazi ya kompyuta, inatoka China. Mzee mwenye koti akaligonga kwa ukucha, akasikiliza, akatuambia kuna miti inaota na michoro hiyo ndani yake. Kisha akaja mama mmoja, akalishika kwa mikono miwili, akaona mistari ya maungio, akalirudisha taratibu.

"Laki na ishirini kwa viraka, mwanangu?"

Jibu fupi sikuwa nalo. Refu ndilo hili.

Maneno kwanza

Kukereza ni kuchonga mti huku unazunguka. Seremala wa kawaida anasogeza randa, ubao umetulia. Kwenye kukereza ubao ndio unaozunguka, patasi imetulia mkononi. Mwangalie muuza machungwa mzoefu: kisu hakiendi popote, chungwa linazunguka, ganda linatoka kama utepe. Mashine ya kazi hii inaitwa kerezo, ingawa katika karakana nyingi utasikia wanaiita lethi. Neno kukereza ni la zamani kuliko umeme. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo lililozungushwa kwa upinde na kamba.

Bakuli la vipande ni bakuli lililojengwa kwanza, kisha likakerezwa. Fundi anakata vipande vidogo vya mbao vyenye ncha za mshazari, anaviunganisha kwa gundi vikawa pete, anapanga pete juu ya pete kama wachimba visima wanavyopanga pete za zege, kisha anafunga mnara huo kwenye kerezo na kuuchonga mpaka ukuta ulainike. Rangi zote unazoziona ni za mbao zenyewe. Weusi ni mpingo, kahawia ni mninga, weupe mara nyingi ni paini. Ukilikwaruza, rangi haitoki, maana imekwenda mpaka upande wa pili.

Neno moja zaidi: nyuzi. Kiswahili kimetuchezea hapa, kwa sababu nyuzi ni zile nyuzinyuzi za mti, na nyuzi pia ni kipimo cha pembe. Bakuli hili linahitaji zote mbili katika sentensi moja. Ili tusipotezane, nyuzi nitaziachia mti, pembe nitazipima kwa digrii.

Kwa nini lisichongwe kwenye gogo moja?

Linaweza. Watu wamechonga mabakuli, vinu na viti kwenye gogo moja tangu zamani, na bakuli la gogo moja lililofanywa vizuri lina uzuri ambao vipande haviwezi kuuiga. Lakini kila nyumba iliyowahi kuwa na kinu inajua kinachotokea gogo bichi likichongwa na kuachwa penye jua. Linapasuka, na ufa unaelekea katikati, mpana nje na mwembamba ndani.

Chukua fungu la mabua ya mtama, yale mabichi, ulifunge kwa kamba. Lirudie baada ya miezi miwili. Kamba imelegea, kwa sababu kila bua limenyauka na kuwa jembamba. Sasa pima urefu wa mabua: ni uleule. Mti ni fungu la mabua madogo mno. Ukikauka, unapungua kwa unene na upana, lakini urefu wa nyuzi zake unabaki karibu vilevile. Ubao wa upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita nzima au zaidi tangu ulipokuwa mbichi hadi kukauka kabisa, ilhali kwa urefu wa mita nzima unapoteza milimita moja au mbili tu.

Gogo la mviringo lina tatizo la ziada. Mzingo wake unataka kupungua takriban mara mbili ya jinsi linavyopungua kutoka gandani kwenda moyoni. Mzingo unavuta, moyo haufuati kwa kasi hiyo, kitu lazima kiachie. Ndiyo maana wakerezaji wa bakuli la gogo moja wanalichonga nene likiwa bichi, wanaliacha miezi kadhaa lipinde linavyotaka, kisha wanalichonga tena. Wanaushinda mpasuko, lakini wanaanza na mti mkubwa. Bakuli la sentimita 30 linataka gogo lenye kipenyo kinachozidi hapo, bila moyo ndani yake, na sehemu kubwa ya gogo hilo inaishia kuwa maranda ya banda la kuku.

Mninga wa ukubwa huo umeota kwa miongo mingi. Vipande vya sentimita nane, kwa upande mwingine, vimelala chini ya meza ya kila fundi milango wa Dodoma, vikisubiri mama lishe aje kuvichukua kwa kuni.

Siri iko kwenye mwelekeo wa nyuzi

Hapa ndipo yule mama na viraka vyake alipokosea, na alikosea kwa njia ambayo hata mafundi wazuri wa samani wanakosea.

Kiraka kinafunika udhaifu. Vipande vya pete havifuniki kitu, vinageuza nyuzi. Kila kipande hukatwa ili nyuzi zake zilale kufuata mzingo wa bakuli, ncha ya kimoja ikigusana na ncha ya kinachofuata. Ukipita kwa kidole kuzunguka ukingo, unapita kwenye urefu wa nyuzi mwanzo mpaka mwisho. Na tumeshakubaliana kwamba urefu wa nyuzi haubadiliki. Kwa hiyo mzingo wa pete haubadiliki. Pete inaweza kuwa nyembamba kidogo kiangazi, inaweza kupungua kimo kidogo, lakini haibani wala haitanuki kama gogo. Ule mvutano unaopasua kinu umeondolewa kwa mpangilio, kabla patasi haijagusa mbao.

Kuna faida ya pili ambayo anayeshika patasi anaihisi mkononi. Ukikereza bakuli la ubao mmoja, kila mzunguko patasi inakutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na kichwa cha ubao, yaani ncha za nyuzi, mara mbili. Ubavu unakatika laini, kichwa kinachanika, na ndipo unapoona yale mabaka ya mkwaruzo ambayo msasa hauyamalizi. Kwenye pete ya vipande, nje yote ni ubavu.

Sasa swali la haki: ncha kwa ncha si ndiyo gundi isiyoshika? Ni kweli. Kichwa cha ubao kinanyonya gundi kama sifongo, na maungio ya kichwa kwa kichwa ni dhaifu kuliko ya ubavu kwa ubavu. Pete moja peke yake unaweza kuivunja kwa goti. Ndiyo maana pete ya juu haipangwi maungio yakiwa juu ya maungio. Inasogezwa nusu kipande, kama fundi ujenzi anavyolaza tofali juu ya kiungo cha tofali mbili za chini. Pete kwa pete zinagusana ubavu kwa ubavu, na huko ndiko gundi ya mbao inashika kuliko mti wenyewe. Kila maungio dhaifu yamelaliwa na kipande kizima juu na kipande kizima chini. Nani amewahi kuita ukuta wa tofali ukuta wa viraka?

Hesabu ya chungwa

Chungwa likimenywa lina vijisehemu vilivyopangana kuzunguka katikati bila nafasi. Pete ni hivyohivyo. Mduara una digrii 360. Ukitaka vipande 12, kila kimoja kinashika digrii 30, na kwa kuwa kina ncha mbili, kila ncha inakatwa digrii 15. Njia ya mkato ni kugawa 180 kwa idadi ya vipande: vipande 8 vinataka digrii 22.5, vipande 16 vinataka 11.25. Hesabu hiyo haijali ukubwa wa bakuli. Pete ya bangili na pete ya beseni zenye vipande 12 zote ni digrii 15.

Ukubwa unaamuliwa na urefu wa kipande. Watu wengi wanachukua mzingo na kuugawa: 30 mara 3.14, gawa kwa 12, inakuja 7.85. Wanakata, wanaunganisha, wanakuta bakuli lao halifiki 30. Sababu ni kwamba pete kabla ya kukerezwa si duara, ni umbo la pande 12, na kukereza kunaondoa pembe zake mpaka kwenye sehemu bapa, ambayo hapa iko kwenye kipenyo cha 29.3. Urefu sahihi wa upande wa nje ni sentimita 8.04, na mimi huongeza milimita tatu nne nyingine, kwa kuwa patasi inajua kupunguza tu.

Ugumu wote wa kazi hii umejificha kwenye zile digrii 15. Tuseme msumeno wako umekosea nusu digrii tu. Kwenye ubao wa upana wa sentimita 4, kosa hilo ni unene wa karatasi tatu au nne, macho hayalioni. Lakini pete ina vipande 12, ncha 24, na kosa linajirudia kwenye kila ncha: nusu mara 24 ni digrii 12. Ukifika kipande cha mwisho unakuta pengo la sentimita tatu ukingoni, au kipande hakiingii kabisa. Nimewaona watu wenye mikono mizuri wakiacha kazi hapo, wakiamini hawana kipaji.

Dawa ipo, na ni ya kizamani. Usifunge pete nzima kwa mkupuo. Unganisha vipande sita na vipande sita, upate nusu mbili kama hilali, na kwenye makutano yake mawili usipake gundi; weka kalamu mbili za risasi zitenganishe. Kila nusu ikishakauka, laza ncha zake mbili kwenye ubao ulionyooka uliobandikwa msasa, sugua mpaka zikae sawa kwenye mstari mmoja. Kosa lote la pete umelikusanya sehemu mbili na umelifuta. Sasa zikutanishe nusu hizo, hata nuru isipite. Baada ya kujifunza hilo sikuwahi tena kugombana na msumeno wangu wa mezani, ambao si mashine ya kujivunia.

Kuhusu upotevu: ukigeuza ubao juu-chini kila baada ya kukata, mshazari wa kipande kimoja unakuwa tayari mshazari wa kinachofuata, na hutupi ile pembetatu katikati. Pete ya sentimita 30 yenye upana wa sentimita 4 inakula chini ya nusu ya mbao ambayo duara zima lingekula.

Bakuli la pale Nzuguni lilikuwa na pete sita za unene wa sentimita mbili, kila moja vipande 12. Sabini na mbili, na tako lake moja, yaani ubao wa chini.

Gundi, mpira wa tyubu na subira

Gundi inayotumika ni ile nyeupe ya mbao, maarufu kwa kila fundi samani. Kwa kuwa ncha zinanyonya, paka safu nyembamba kwanza, ngoja dakika chache iingie, kisha paka ya pili na uunganishe. Mpingo una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi. Ufute kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka. Cha kubania pete si lazima kiwe jiliwa la gharama. Mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukizungushwa kwa kuvutwa, unabana sawasawa pande zote. Klipu za chuma za mabomba ya maji, zile za maduka ya spea, zinafanya kazi hiyohiyo kwa bisibisi. Usibane kama unakamua tui: gundi ikitoka yote, maungio yanabaki na njaa.

Kabla ya pete kupanda juu ya nyingine, uso wake usuguliwe mpaka uwe bapa kabisa. Mkanda wa gundi unaoonekana mnene kwenye bakuli lililokwisha ni alama ya fundi aliyekuwa na haraka hapa.

Tako, na upepo wa Dodoma

Bakuli langu la kwanza lilipasuka tako. Nilikuwa nimenunua ubao wa mninga Dar es Salaam wakati wa masika, mbao nzuri, nyekundu, iliyokaa ghalani karibu na bahari. Nikakata duara moja la sentimita 18, nikaligundisha kwa uthabiti ndani ya pete ya kwanza, nikamaliza bakuli mwezi Mei, nikajipongeza. Septemba tako lilikuwa na ufa unaopitisha kadi ya benki. Na huo ni mninga, mti unaosifika kwa kucheza kidogo kuliko miti mingi.

Sababu unaijua tayari kama umenifuata mpaka hapa. Pete haibadiliki mzingo. Tako ni ubao mmoja, nyuzi zake zinakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo linapungua upana. Nimeweka kitu kinachopungua ndani ya kitu kisichopungua, na nimevifunga kwa gundi.

Dodoma inafanya kosa hilo lionekane upesi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, kisha inakuja miezi saba ya hewa kavu na ule upepo unaopasua midomo. Mbao hainunuliwi kavu ikabaki kavu. Inapumua na mahali ilipo mpaka unyevu wake ulingane na hewa. Iliyotulia Dar bado ina maji ya kupoteza huku. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, samani nyingi zimepanda kutoka pwani, na malalamiko ya milango inayoachia na meza zinazofunguka maungio yamepanda nazo. Mara nyingi fundi wa Dar hakukosea. Alitengeneza kwa ajili ya hewa ya Dar.

Kwa hiyo mbao ya bakuli ipumzike nyumbani kwako kwanza. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao mbichi. Kwa mbao iliyokwisha kukaushwa, mimi hutumia mizani ya dukani: napima ubao kila wiki na kuandika uzito kwa chaki juu yake. Siku uzito unapoacha kushuka, mbao imeshakuwa mkazi wa Dodoma.

Tako lenyewe liwe dogo, chini ya sentimita kumi, na jembamba. Ukilitaka pana, liache lielee. Tazama mlango wa paneli uliotengenezwa na fundi anayejua: paneli imekaa kwenye mfereji wa fremu bila gundi, na ina nafasi ya kupumua. Tako pana linaweza kukaa hivyo ndani ya pete. Linacheza, halipasuki, wala halidondoki.

Kwa sababu hiyohiyo, pete zenyewe zisiwe pana kupita haja. Kipande kinapokauka kinapungua upana bila kupungua urefu, kwa hiyo ile pembe ya digrii 15 inabadilika kidogo sana. Kwenye pete ya sentimita 4 gundi inavumilia. Kwenye pete ya sentimita 10, maungio yanaanza kufunguka.

Kompyuta iko wapi?

Kwenye kupanga, labda. Ziko programu zinazochora bakuli na kukupa urefu wa kila kipande. Karatasi ya mraba na kikokotoo vinatosha. Kuchonga ni mkono: patasi imelazwa kwenye egemeo la chuma, mwili unasogea polepole kufuata mkunjo, sikio linasikiliza. Sauti ya bakuli ikibadilika kuwa ya kugongagonga, zima mashine kabla ya kuuliza sababu.

Bakuli la sentimita 30 likizunguka mara 600 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kilomita 34 kwa saa, mwendo wa bodaboda mitaani. Likizunguka mara 2,000, ni kilomita 113. Hebu fikiria kipande ambacho gundi yake haikushika, kikiachia kwa mwendo huo. Kwa hiyo ngao ya uso mzima, si miwani ya jua. Usisimame kwenye mstari wa mzunguko unapowasha. Na umeme ukikatika, zima swichi, usije ukarudi mkono wako ukiwa ndani ya bakuli. Barakoa pia. Vumbi la mninga, mvule na mpingo linawasha pua na ngozi, na kwa watu wengine linaleta pumu.

Wazo jingine linalozunguka ni kwamba vipande vingi zaidi ni ubora zaidi. Vipande vingi ni michoro zaidi, basi. Pete ya vipande 8 iliyobana inalishinda bakuli la vipande elfu lenye mianya. Marekani, ambako fani hii ina wapenzi wengi, mafundi wengi wameazima michoro ya vyungu na vikapu vya wenyeji wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo, wakihesabu kipande cheusi hapa, cheupe pale. Mwanamke anayesuka ukili anafanya hesabu hiyohiyo kichwani: ngapi juu, ngapi chini, ua linarudi wapi. Mimi ningependa kuona kazi za Kondoa na Mpwapwa zinazoanzia kwenye mikeka yetu.

Tahadhari moja kwa watakaojaribu kuchanganya mbao. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba unazama majini. Paini ni laini. Ukipiga msasa kwa nguvu juu ya zote mbili, paini inaliwa, mpingo unabaki, na ukuta unakuwa na mawimbi. Na vumbi jeusi linaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuifanya kijivu. Kata kwa patasi kali kadiri uwezavyo, msasa uwe wa mwisho na mwepesi.

"Gundi si sumu?"

Hili ni swali la pili kwa kuulizwa, baada ya bei. Gundi nyeupe ikishakauka haitoki na kuingia kwenye karanga. Shida yake ni nyingine: inalegea kwa joto, na nyingi hazipendi kulowekwa. Zipo za kustahimili maji, na ni vizuri kusoma kopo, lakini hata hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya sufuria.

Mafuta ya kupaka ndiyo yenye mtego. Singida wako jirani na alizeti yao, kwa hiyo watu wanapaka mafuta ya alizeti ya jikoni. Bakuli linang'aa wiki moja, kisha linanata na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Nta ya nyuki ni bora, nayo ipo tele kwa warina asali wa Manyoni. Iyeyushe kidogo, changanya na mafuta ya kitani, paka, sugua kwa kitambaa. Mafuta ya kitani ya dukani yaliyowekewa dawa ya kukausha yaachwe majuma kadhaa yakauke kabisa kabla ya kuweka chakula. Na kile kitambaa usikikunje na kukitupa kwenye maranda: mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikakamae.

Unayetaka kununua, geuza bakuli kwanza. Utazame tako kabla ya mchoro, kwa sababu mchoro hausemi uongo wala ukweli. Je, ni ubao mmoja mpana uliogundishwa? Uliza limekaa Dodoma kwa muda gani. Kisha lielekeze juani, chungulia kwa ndani kama nuru inapita penye maungio, na pitisha ukucha: ukucha usinase.

Yule mama alirudi jioni, wakati watu wanafunga turubai. Rafiki yangu alikuwa amerudi, akamweleza haya yote kwa muda wa robo saa, pete, nyuzi, matofali, tako. Mama akaligeuza, akachungulia, akapitisha ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sawa, nimeelewa. Sasa nikipakulia ugali wa moto humu?"

"Hapana, mama. Matunda, karanga, zabibu zako."

"Na kuloweka usiku?"

"Hapana."

Akamshukuru sana, akaenda meza ya pili, akanunua sufuria.